Kadi ya Kwanza ya Monitrice

Mtaani kwetu Mangobo, mjini Kisangani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto walimwita Monitrice, mwalimu wa kike kwa Kifaransa, wazee walimwita Monitrice, na hata padri, ambaye alikuwa amebatiza nusu ya mtaa na kukumbuka kila jina alilolimwagia maji, alimwita Monitrice. Alifundisha akina mama kwenye fuaye, ile nyumba ya matofali ambamo Wabelgiji walitaka tujifunze kushona, kupiga pasi, kuogesha watoto na kutandika meza. Meza zenyewe wengi wetu hatukuwa nazo. Hilo halikumshughulisha hata kidogo.

"Kitambaa kwanza," alikuwa akituambia. "Meza itakuya yenyewe kutafuta kitambaa yake."

Nami, niliyekuwa nimeolewa juzijuzi na kukaa kwenye chumba cha uani kwa mama, chenye kitanda na sanduku tu, nilimwamini. Nilidarizi kitambaa cha meza kikubwa, chenye maua pembeni. Kilikaa sandukuni miaka, kisha meza ikaja kweli. Nilimpenda mwanamke yule, na heri niseme mapema, maana nitamcheka sana hapa mbele na sitaki mtu afikiri ninamsengenya.

Alikuwa mfupi, mwenye mwili, na sauti yake ilifika kabla yake. Ukiwa nyuma ya nyumba unachambua pondu, majani ya muhogo, ulimsikia akisalimia watu tangu kona ya msikiti, ukapata nafasi ya kuficha lile usilotaka alione: sufuria iliyoungua, mtoto mwenye kamasi, mume ambaye hakwenda kazini. Mara nyingi aliliona tu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akatazama mara moja, kisha akasema neno moja, na neno hilo ndilo ulilolala nalo. Mama yangu alikuwa mkubwa kuliko yeye na hakuzoea kuambiwa kitu. Siku moja Monitrice alimwambia: "Mama, nyumba yako iko safi kabisa. Alors, juu ya nini batu ya ndani bananuna?" Mama alinuna mpaka jioni.

Kama wewe ni mtu wa kutaka mambo yanyooke, Monitrice angekuchosha. Darasani alitufundisha uma na kisu: uma kushoto, kisu kulia, viwiko mbali na meza, mdomo umefungwa wakati wa kutafuna. Saa ya mapumziko alikwenda kwa mama aliyeuza lituma kando ya barabara, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamega ile ndizi iliyopondwa kwa mkono, akachovya kwenye mchuzi wa samaki na kulamba vidole. Nilipomuuliza uma uko wapi, hakutikisika. "Uma iko kazini," alisema. "Miye niko ku pause." Alitukataza kupaza sauti ndani ya nyumba, na alitukataza kwa sauti iliyowaamsha watoto wachanga. Alisema mwanamke wa heshima hasikilizi umbeya, lakini hapakuwa na ugomvi Mangobo ambao yeye hakujua ulianza kwa neno gani na nani alilisema. Jambo moja tu hakuwa na mzaha nalo: kuchelewa. Ukichelewa ulikuta mlango wa darasa umefungwa, na hakuna machozi yaliyoufungua. Tulidhani ni ukali wa kazi.

Na alikuwa na uhakika. Sijui nilielezeje. Wapo watu wanaojua mambo mengi na wana shaka nayo. Monitrice hakuwa na shaka hata juu ya mambo asiyoyajua. Directrice, bibi wa Kibelgiji aliyeisimamia fuaye, aliporudi kutoka likizo Ulaya alituletea boksi la kadi za Noeli, zimechorwa nyumba ndogo na miti yenye ncha, na juu ya kila kitu kitu cheupe. Tukauliza ni nini. Directrice alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Ile iko pamba," Monitrice akajibu. "Kwabo pamba inaangukaka ku majumba wakati ya Noeli."

Directrice akaeleza kwa upole kwamba ni maji yaliyoganda, yanaanguka kutoka mbinguni, na ni baridi kama barafu ya kwenye frigo. Monitrice aliisogeza kadi mbali na macho, akaisogeza karibu, akamtazama Directrice kwa huruma ya kweli.

"Inaangukia batu? Na quand même bako banakaa tu kule?"

Kuanzia hapo, ndani ya fuaye yetu, hakuna aliyedarizi theluji. Directrice alitaka tushone kadi zetu tukiiga miti ile ya Ulaya, lakini mwisho wa juma vipande vyetu vyote vilikuwa na mchikichi na nyota juu yake, na Monitrice alivipanga dirishani. Karatasi ngumu tulizipata kwenye maboksi ya mashati yaliyotupwa nyuma ya maduka ya Wagiriki. Tulitoboa matundu kwa sindano, tukapitisha uzi, tukafunga fundo kwa nyuma. Uzi ulitoka kwa fundi Saidi, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Maniema, na ambaye cherehani yake ilikuwa barazani karibu na nyumba yetu. Alituwekea vipande vya rangi zote ndani ya kopo.

Lakini kadi ni kadi tu, hata ikiwa na mchikichi. Kilichozifanya za Mangobo ziwe za Mangobo ni neno alilolisema Monitrice wiki ile ile padri alipokuja darasani kutusalimu. Mmoja wetu alimuuliza padri desturi hii ilianza wapi. Padri alipenda maswali. Akasema ilianza Uingereza zamani, kwa bwana mmoja aliyekuwa na marafiki wengi mno na muda mdogo mno. Barua zilikuwa zimemlundikia mezani. Basi akamwomba mchoraji achore picha moja, wakaichapisha nyingi, akaandika majina tu na kuzituma.

"Donc, mon père, ilianza na uvivu?" Monitrice aliuliza.

Padri alicheka mpaka akavua miwani. "Tuseme, Monitrice, ilianza na kazi nyingi."

"Mais mutu mwenye iko na barafiki mingi hapana lazima ya kadi. Banamupenda tayari." Alikuwa amekunja mikono, na tulijua kwamba mikono ile ikikunjwa hakuna anayetoka kabla hajamaliza. "Ule Muingereza alitumia bure karatasi yake. Sisi tutaanza vizuri."

Juma lililofuata alitupa sheria yake, tumeshika sindano mikononi. Kadi ya kwanza, alisema, si ya rafiki. Rafiki anaweza kungoja. "Kadi ya kwanza iko ya mutu mwenye alikukosea, mwenye roho yako inamukasirikia mupaka leo. Unamushonea nyota, unaandika jina yake, unamutumia. Inakwisha. Nyuma yake njo unatumia barafiki."

Mwenzetu mmoja akauliza: na yule niliyemkosea mimi?

"Ule, hapana kadi," Monitrice alijibu haraka, na sauti yake ilipungua kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mutu mwenye ulimukosea, unaenda na miguu yako, unamuangalia ku macho. Karatasi haiwezi kuomba musamaha pa nafasi yako."

Hiyo ndiyo sheria, na ilikuwa na pande mbili. Uliyemkasirikia unamtumia kadi. Uliyemkosea unamwendea kwa miguu. Tuliikariri kama tulivyokariri uma kushoto na kisu kulia, na Noeli hiyo tukaanza.

Mama yangu hakuwa mwanafunzi, lakini hakuachwa nyuma na kitu kilichoingia nyumbani kwake. Alichagua kadi moja kati ya zangu na kumpelekea fundi Saidi. Miezi mingi kabla ya hapo fundi alikuwa ameikata vibaya mikono ya kanzu ambayo mama alikusudia kuvaa kwenye harusi ya binamu yake, na tangu siku hiyo mama alipita mbele ya ile cherehani akiangalia upande wa pili wa barabara. Kadi ilimfika fundi asubuhi. Kabla ya adhuhuri alikuwa uani kwetu, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Mama! Donc miezi yote iyi ulikuwa unanikasirikia?"

"Ulikuwa hujui?"

"Miye nilifikiri uko na shingo ya kuuma!"

Mama alijaribu kushika heshima yake, ikamponyoka, akacheka mpaka akaketi chini. Fundi Saidi akaichukua ile kanzu, akaishona upya, na sikukuu ya Idi ilipofika, sahani ya kwanza ya pilau iliyotoka nyumbani kwake ililetwa kwetu, imefunikwa kitambaa. Mama aliipokea kama mtu anayepewa haki yake.

Hapo ndipo sote tulipogundua ukali wa desturi hii, ambao nadhani Monitrice mwenyewe hakuutarajia. Aliyepokea kadi ya kwanza alikuwa ameambiwa jambo. Mtaa mzima ulijua maana yake. Mke wa karani mmoja wa avenue yetu alimtumia mumewe kadi kwa posta, mpaka ofisini, yenye nyota nzuri ya uzi mwekundu. Wenzake hawakumuuliza inatoka kwa nani. Walimuuliza: "Papa, ulifanya nini?" Maskini alirudi nyumbani siku hiyo na mkungu wa ndizi begani na kilo ya nyama mkononi, ingawa, mkewe alivyotuambia baadaye, hakujua ni kosa gani kati ya makosa yake lililogunduliwa, na aliungama yote. Tangu hapo wanaume wa Mangobo walibadilika mwezi wa Novemba. Walirudi mapema. Walibeba watoto. Mume wangu, dereva wa lori kwenye barabara ya Bafwasende, ambaye mwaka mzima aliniletea vumbi tu, Novemba aliniletea asali ya msituni. Padri alisema kutoka madhabahuni kwamba hajui kama ni neema au ni woga, lakini anamshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Palikuwa na kadi zilizoharibu pia. Wanawake wawili waliokuwa hawajagombana walikosea mpangilio wakatumiana za kirafiki kabla ya zile za kwanza, kila mmoja akasoma kwamba mwenzake ana kinyongo naye, na kinyongo kikazaliwa hapo hapo. Monitrice aliwaita wote wawili, akawapa sindano na kadi tupu, akafunga mlango. Walitoka wakiwa wamechoka na wamepatana. Kwa mambo ya watu wengine hakuwahi kushindwa.

Sisi wanafunzi wake tulianza kujiuliza juu ya yake. Kila Desemba alishona kadi nyingi kuliko sisi sote, za marafiki, za padri, za Directrice, moja ya fundi Saidi aliyeibandika ukutani juu ya cherehani. Ya kwanza hatukuiona. Nilimuuliza, maana kuuliza si ujinga, na mimi tangu utotoni sijui kunyamaza.

"Monitrice, kadi yako ya kwanza iko ya nani?"

"Miye sina."

"Hakuna mutu alikukosea?"

"Hakuna."

Tulikonyezana. Tulisema moyoni: majivuno. Mwanamke huyu ana ulimi wa kuchoma Mangobo nzima, halafu anataka tuamini yeye hamkasirikii mtu yeyote. Nilisema hivyo kwa mama, na mama, ambaye kwa kawaida alifurahia kumsema Monitrice, safari hii aliendelea tu kuchambua mchele.

Kisha nikaanza kuona mambo mengine. Mwanamke yeyote aliyepita Mangobo akitokea Yanonge au Isangi, huko mto unakoteremkia, Monitrice alimtafuta. Wake za wavuvi waliokuja na samaki waliokaushwa, wasichana waliokuja kwa shangazi zao: aliwaketisha, akawafundisha kutoboa na kushona, akawapa karatasi na uzi wa kwenda nao. Na sheria ile aliwakaririsha polepole, hasa upande wa kwanza, kadi ya mtu uliyemkasirikia, mpaka mwanamke airudie kwa mdomo wake mwenyewe. Sisi wa Mangobo hatukuwahi kufundishwa kwa uvumilivu huo. Na karibu na Noeli, meli ilipopanda mto kutoka huko, alikwenda bandarini. Alisema anakwenda kutafuta samaki. Alirudi bila samaki.

Siku moja nilikuwa bandarini kumsubiri mume wangu aliyekuwa akipakia mizigo, nikamwona. Amesimama mbali kidogo na mbao za kushukia, akiangalia nyuso za abiria. Meli ilipokwisha kuteremsha watu nilimsogelea na kumtania.

"Monitrice, samaki imekataa tena?"

Hakunijibu kwa utani. Tulikaa juu ya magunia, jua likiwa kali, wapakiaji wakipita wakiimba, akanisimulia. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu niliuliza.

Mama yake mzazi alifia Yanonge. Ujumbe ulimfika Kisangani siku ambayo wageni wakubwa kutoka mji mkuu walitarajiwa kesho yake kutembelea fuaye. Directrice alimwambia aende. Yeye, Monitrice, ndiye aliyekataa. Alikuwa ameandaa vitambaa, meza, watoto waliooshwa. Alisema moyoni kwamba maiti itangoja siku moja, kwamba atapanda mtumbwi wenye injini na atafika. Wageni walikuja, wakasifu, wakaenda. Alipofika Yanonge udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyemwuguza mama mpaka mwisho, alikuwa mlangoni, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Alimtazama Monitrice mbele ya watu wote wa matanga, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Mbele ya batu," Monitrice alisema. "Alifanya vizuri."

Mwaka uliofuata alirudi kwa miguu yake, kama sheria yake inavyotaka. Mdogo wake alipitia nyuma ya nyumba akaenda shambani na hakurudi mpaka mashua imeondoka. Basi.

"Alors, mutumie kadi!" nikamwambia. Nilikuwa karibu kusimama. "Unatufundisha sisi wote, na weye mwenyewe..."

"Kadi ya kusema nini? Kwamba yee alinikosea? Miye njo nilikosa. Nikimutumia kadi, ni kama namwambia: mdogo wangu, nakusamehe. Kumusamehe nini? Kumuzika mama?" Alikung'uta vumbi kwenye sketi yake. "Kadi ni ya kwake. Yee njo mwenye kukasirika. Nilisema, kama bamama yote ya mto banajua kazi iyi, siku moja itafika kwake. Atashona, atanitumia. Njo hivi."

Nikaelewa basi chanzo cha kadi zetu. Bwana yule wa Uingereza alitaka kuokoa muda. Monitrice alikuwa amefundisha mji mzima na nusu ya mto ili karatasi moja ya boksi la shati imfikie kutoka Yanonge. Nilimhurumia, na papo hapo nilimkasirikia, kwa sababu ilikuwa wazi kwangu kwamba mtu anaweza kufa akiisubiri. Niliporudi nilimwambia mama niende mwenyewe Yanonge nikazungumze na yule mdogo mtu. Mama alinikatiza. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema, na hakumalizia methali, kwa kuwa sote tunajua sehemu ya pili inasema wakipatana uchukue kapu ukavune. Nililima.

Na kadi zikaanza kweli kuja kutoka Yanonge. Hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko zisipokuja. Mwanamke mmoja wa huko alimtumia shangazi yake wa Mangobo. Mwingine alimtumia mume aliyemkimbia akaja mjini kufanya kazi ya useremala. Watu walimletea Monitrice kadi hizo azione, kwa heshima, kama mtu anavyomwonyesha mwalimu daftari la mtoto. Alizigeuza, akaangalia mafundo nyuma. "Uzi umekazwa vizuri," alisema. "Nyota imelala kidogo upande wa kushoto." Akazirudisha kwa wenyewe. Mimi nilijua kwamba alikuwa ameshasoma jina la mtumaji kabla ya kitu kingine chochote.

Baadaye mume wangu alipata kazi ya kudumu Bafwasende na tukahamia huko. Mara ya mwisho kumwona Monitrice ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, siku chache kabla ya Noeli, nilipopanda lori kuja kumwona mama. Nilimkuta barazani kwake akipiga pasi ya makaa, ingawa umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa tayari umefika kwenye fuaye na Directrice alimpa pasi ya waya. Hakuitaka. "Moto mwenye haionekani, sijui kama iko na akili," alisema. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Sauti ilikuwa ile ile. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimetuma yangu ya kwanza mwaka huu, nikasema nimeituma kwa wifi yangu, akasema wifi huyo alistahili mbili.

Tulikuwa tunacheka hivyo niliposikia hodi. Niligeuka haraka, kwa sababu sauti iliyopiga hodi ilikuwa ya Monitrice, na Monitrice alikuwa mbele yangu na mdomo umefungwa.

Langoni alisimama mwanamke mfupi, mwenye mwili, na kapu la samaki waliokaushwa kichwani. Miguu yake ilikuwa na vumbi tangu bandarini. Alilitua kapu chini, lakini hakuingia.

"Yaya," alisema, kama mtu anavyomwita dada mkubwa. "Nimekuya na miguu."

Monitrice aliisimamisha pasi. Nilitaka kuondoka na sikuweza, kwa kuwa njia ya kutokea ilikuwa ni pale aliposimama mgeni.

"Kule kwetu bamama yote banajua sheria yako," mgeni akaendelea. Alikuwa ameyapanga maneno yake, labda kwenye meli, na aliyatoa moja moja. "Banasema: Monitrice, mutu mwenye alimukosea njo anapataka kadi ya kwanza. Miye nilikufungia mulango. Yaya yangu, mbele ya batu ya matanga. Ukarudi tena, nikakimbilia shamba. Nikasema, bon, nitangoja kadi yake, nitajua amenisamehe. Kila Noeli nashuka ku bord ya mto, naangalia meli. Batu ya ovyo kabisa banapata kadi, hata ule mulevi wa jirani. Miye hapana. Hata karatasi moja." Sauti ile kubwa ilikatika, akaipata tena. "Nikasema basi, kwake nilikufa. Hata mu baadui yake hanihesabu. Lakini sheria inasema mwenye kukosa aende na miguu. Njo niko hapa."

Nilimtazama Monitrice. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyafuta, na alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse moto.

"Kadi iko ya mutu mwenye unamukasirikia," alisema mwishowe. "Juu ya ile sikukutumia. Miye sikukukasirikia, mdogo wangu. Hata siku moja."

Yule mwanamke alisimama palepale langoni akilisikiliza neno hilo.

"Yaya," alisema, "njo neno ile ungeniandikia."

Monitrice alishuka barazani bila viatu, akaenda langoni, akainama na kulibeba lile kapu la samaki.